Honi kwa Bi Mkubwa wa Njiani

Udogo wangu niliupitisha Ibra, mji wa ndani huko Oman, katika nyumba yenye lugha mbili, na kwa muda mrefu nikidhani kila nyumba duniani iko hivyo. Kiarabu kilikuwa cha wageni wa baba, cha skuli na cha televisheni. Kiswahili kilikuwa cha jikoni, na mwenyewe alikuwa Bibi. Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Unguja mjini, akaolewa huko, akazaa huko, na alipokuja Oman alikuwa mtu mzima tayari. Kiarabu chake kilitosha kuombea chumvi kwa jirani. Akikosa neno alitia la Kiswahili katikati na kuendelea na hadithi yake, na majirani, kwa kumpenda, walijifanya wameelewa.

Basi ikawa mdogo wangu Mundhir anakaribia miaka minne na hasemi. Si kwamba alikuwa kimya. Alicheka, alilia, alipiga kelele za furaha gari la baba likiingia uani, lakini neno halikutoka, si la Kiarabu wala la Kiswahili. Tukimwita kula alikuja, kwa sababu sote tulikuwa tunakimbilia sinia. Tukicheka alicheka. Macho yake hayakubanduka kwenye nyuso zetu, na wageni walisifu, wakisema mtoto huyu ana akili, tazama anavyokutazama.

Baba alikuwa akifanya kazi wizarani Maskati. Akiondoka Jumamosi alfajiri na kurudi Jumatano jioni, kwani wakati ule mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumatano moja alirudi na uso wa mtu aliyekwisha kukata shauri. Alikuwa amezungumza na mwalimu mmoja wa chekechea huko, na mwalimu akamwambia kwamba mtoto anayesemeshwa lugha mbili huchanganyikiwa, akashindwa kushika hata moja.

"Mama," alimwambia Bibi, na kile ndicho kilichokuwa Kiswahili chake cha mwisho kwa miezi mingi, "mtoto huyu tumemchanganya. Kuanzia leo nyumba hii ni Kiarabu tu. Mpaka aseme."

Bibi alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa. "Na mie niseme nini?"

"Sema Kiarabu, Mama. Utazoea."

"Nitazoea," alisema Bibi.

Hakuzoea. Siwezi kumlaumu baba, kwa sababu mtu mwenye hofu juu ya mwanawe hushika kamba yoyote anayotupiwa. Lakini nilikuwa na miaka tisa na niliona kilichotokea. Bibi, ambaye alikuwa akiongea tangu anapotawadha alfajiri mpaka anapozima taa, alibaki na maneno kama kumi: njoo, kula, kaa, yatosha. Hadithi zake za harusi za Unguja zilikatika, na matani yake na mimi pia. Siku moja niliingia jikoni nikamkuta anakisemesha chungu cha mchuzi kwa sauti ya chini, anakieleza kwamba pilipili ya nchi hii haina harufu. Aliponiona alinyamaza, akageuka ukutani kama mtu aliyefumaniwa na kosa.

Na Mundhir bado hakusema.

Aliyemtajia Bibi habari za kaburi la njiani ni Ami Hilali, jirani yetu. Huyu alikulia Tabora, na sasa alikuwa na duka la spea za magari, akisafiri Sur, mji wa pwani, kila baada ya siku chache kupeleka mali. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikavu, chenye Kiingereza ndani yake, na Bibi alikuwa akikicheka siku zote. Lakini baada ya amri ya baba, Ami Hilali akawa ndiye mtu pekee wa kuongea naye, tena juu ya ukuta wa uani, baada ya salamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Za Sur?"

Kutoka kwake tulijua kwamba ukiipita Bidiya, kabla ya kufika Al Kamil wal Wafi, pana kaburi kando ya barabara chini ya mti wa ghafu, ule wa jangwani. Wenyeji wakimwita mwenye kaburi Umm al-Darb, yaani mama wa njia. Zamani za ngamia, alisema Ami Hilali, mwanamke mmoja alikuwa akisafiri na msafara kwenda Sur. Njiani wakakuta watoto watatu na mama yao aliyekwisha kufa. Msafara haukuweza kungoja, maji yalikuwa kidogo. Yule mwanamke akasema nyinyi nendeni, mimi nitabaki na hawa. Waliporudi na maji siku ya pili waliwakuta watoto wazima na yeye amekufa; fungu lake lote la maji alikuwa amewanywesha wao. Jina lake hakuna aliyelijua. Tangu hapo wenye shida za watoto humwendea, na madereva wa malori wanapopita humpigia honi, kama salamu.

"Unaona, Mama, hata mimi hupiga," alisema Ami Hilali. "Siwezi kupita pale bila honi. Nikipita kimya nahisi kama nimempita mama yangu barabarani."

Bibi aliondoka pale ukutani akiwa mtu mwingine. Jina hilo la mama wa njia hakulipenda. Aliliona la kihuni kidogo kwa mwanamke wa heshima. Yeye alimwita Bi Mkubwa wa Njiani, na sisi wa nyumbani tukamwita hivyo hivyo.

Baba aliposikia alisema kwa upole, kwa Kiarabu, polepole ili mama yake amwelewe, kwamba aliyekufa anaombewa, haombwi. "Na kaburi halisikii, Mama."

"Najua," Bibi alijibu. "Mie namwomba Mungu. Yule mwanamke nataka anisindikize tu."

Baba akatikisa kichwa na mazungumzo yakaisha. Jumamosi ile alipoondoka kwenda Maskati, Bibi alingoja mama naye atoke. Mama alikuwa mwalimu, na wiki ile walikuwa wakisahihisha mitihani ilhali sisi wanafunzi tumekwisha kufunga. Kisha Bibi akaniamsha.

Alikuwa ameoka mkate wa kumimina, na nyumba nzima ilinuka iliki na nazi. Kwenye kikapu alitia ubani, chetezo cha udongo, chupa ya marashi mawaridi, dumu dogo la maji na kipande cha kitambaa cha kijani alichokipindia mwenyewe. Ami Hilali alikuwa akingoja nje na Land Cruiser yake, sura imemtulia kama mtu anayekwenda kwenye kazi yake ya kila siku, ila mkononi alikuwa na halua aliyoinunua kwa ajili ya safari hiyo.

Njiani Bibi alinipa masharti. Alinipa kwa Kiswahili, na mimi moyo wangu ulicheza kwa furaha ya kukisikia.

"Ukifika pale usinyooshe kidole kaburini. Usiruke mawe. Usirudi na kitu, hata kokoto. Na sikiliza hili vizuri zaidi: usiseme neno baya juu ya mtoto. Pale pahala pa watoto. Neno baya la mtoto likisemwa pale hubaki naye."

"Hubaki vipi, Bibi?"

"Hubaki tu. Usinitoe maneno."

Mundhir alikuwa kwenye mapaja yake, pua kwenye kioo cha dirisha, akitazama vilima vya mchanga vinavyoanza kuwa vyekundu baada ya Bidiya.

Mwenyewe nilitegemea kuona kuba. Hapakuwa na kuba. Palikuwa na mti mmoja wa ghafu uliopinda kuelekea barabarani, matawi yake yamefungwa vitambaa, vya kijani na vyeupe na vingine vilivyopauka mpaka havijulikani rangi. Chini yake mawe yamepangwa duara na kupakwa chokaa. Kila mtu alikuwa ameleta alichokiona kinafaa. Vikombe vya kahawa viliwekwa kifudifudi kwenye jiwe bapa. Palikuwa na chupa za maji, nyingi, nyingine zimefunguliwa, na sahani ya tende iliyofunikwa kawa. Kwenye tawi la chini walitundika kiatu kimoja cha mtoto mchanga, cha sufu, na nilikitazama kile kiatu kwa muda mrefu bila kujua kama kilitundikwa kwa kuomba au kwa kushukuru.

Ami Hilali alikaa mbali kidogo, kwa adabu. Bibi alipanga vitu vyake kama anavyoandaa chakula cha wageni. Aliwasha ubani, akamwaga marashi kwenye mawe, akamimina maji yote ya dumu shinani mwa mti. Akasoma Fatiha. Kisha akasema na yule mwanamke, kwa Kiswahili cha mjini, kwa sauti ya mtu aliyemtembelea mwenzake:

"Bi Mkubwa, mie mgeni wako. Kiarabu changu si kizuri, utanistahamilia. Mungu ndiye wa kuombwa, weye nakuomba unisindikize kwake. Mtoto huyu hasemi. Wanasema nimemharibu mie, kwa lugha yangu. Ikiwa ni kweli, nitanyamaza mpaka nife na sitanung'unika. Ikiwa si kweli, nataka nijue. Mtoto huyu akipata njia yake, nitakuja kukuvisha mti huu kitambaa kipya."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akiomba hivyo. Nilisogea pembeni kwa haya. Hapo ndipo mbuzi mmoja, aliyetokea sijui wapi, alipoingiza mdomo kwenye sinia na kuondoka na robo ya mkate wa kumimina.

"Bibi! Mkate!"

Bibi alimtazama mbuzi akitafuna. "Muache," alisema. "Umepokelewa."

Ami Hilali alicheka mpaka akakohoa. Na bado anacheka, lori kubwa la maji likatokea upande wa Sur, na dereva, alipoufikia mti, akambonyezea Bi Mkubwa honi yake yote.

Nilikuwa sijapata kusikia kitu kama kile kwa karibu hivyo. Niliruka, Bibi akashika kifua, mbuzi akakimbia na mkate wake. Nikageuka kumtazama Mundhir, kwa sababu nilijua atalia. Alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka kwetu, ameipa barabara mgongo, anapanga vijiti kwenye mchanga. Hakuinua kichwa. Kichwa alikiinua baadaye, vumbi lilipomfikia. Akalitazama vumbi kwa mshangao, kisha akarudi kwenye vijiti vyake.

Niliyakumbuka maneno ya Bibi na nikafunga mdomo. Likatokea gari jingine, la kubebea ngamia. Safari hii sikulitazama gari. Nilimkazia macho mdogo wangu. Honi ikapigwa, ndefu, mara mbili. Vidole vyake havikusita.

Watu wazima husema watoto hawaelewi. Mimi nilielewa kila kitu pale pale, na nilielewa pia kwamba nikilitamka litabaki naye, na nitakuwa mimi niliyelibakisha. Nilisimama pale na neno mdomoni. Bibi aliniona.

"Una nini weye?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema."

"Umeniambia nisiseme, Bibi."

"Sasa nakwambia sema."

Nikamsogelea sikioni, ili hata kaburi lisinisikie. "Mundhir hasikii."

Bibi alininyamazisha kwa mkono, haraka, akatazama mawe kama anayemwomba mwenye nyumba radhi. Kisha akamtazama Mundhir. Aliinuka kwa shida, magoti yalikuwa yakimuuma siku hizo, akaenda polepole mpaka nyuma yake. Akapiga makofi. Akaokota vikombe viwili vya kahawa vya mtu mwingine, Mungu amsamehe, akavigonga nyuma ya kichwa cha mtoto. Akamwita jina lake. Akamwita tena kwa jina la kumbembelezea, lile alilokuwa amekatazwa, "Kijibwana! Kijibwana wangu!" Ami Hilali alikuwa amesimama, mkono kichwani.

Kisha Bibi akamgusa bega, kidogo tu, kwa ncha za vidole. Mundhir akageuka na kumchekea, kama kawaida yake, kama mtu aliyefurahi kukumbukwa.

Bibi alikaa chini, mchangani, na buibui lake zuri la kutokea. Akauchukua uso wa mtoto kwa mikono miwili na akaanza kulia na kusema pamoja, kwa Kiswahili chote alichokuwa amekizuia miezi ile. Alimwambia pole. Alimwambia, "Kumbe ulikuwa peke yako humo ndani, na sisi tunagombania lugha!" Mundhir alimtazama mdomo, akaugusa.

Jioni ya Jumatano baba aliporudi, Bibi hakumpa nafasi ya kuvua viatu. "Tulikwenda kwa Bi Mkubwa," alisema, kwa Kiswahili. "Ukasirike baadaye. Kwanza chukua sinia hili ulidondoshe nyuma ya mwanao."

Baba alimtazama mama yangu, aliyekuwa na macho mekundu tangu Jumamosi. Akalichukua sinia la shaba, akalipeleka nyuma ya Mundhir aliyekuwa akichora kwenye karatasi, akaliachia sakafuni. Mlio ule ulimtoa jirani ndani ya nyumba yake. Mundhir aliendelea kuchora.

Baba alikaa pale pale alipokuwa amesimama. Alipoongea hakusema na mtoto wala na mama yangu.

"Nisamehe, Mama," alisema, na kilikuwa Kiswahili.

"Sina la kukusamehe. Mpeleke mtoto hospitali."

Walimpeleka Maskati. Daktari alisema huenda ni homa ile kali aliyoipata kabla hajatembea. Sikio moja limekwenda kabisa na la pili limebaki na kidogo. Wakampa kifaa cha kuvaa sikioni, na baadaye akaingia skuli ya watoto wasiosikia, ambako alifundishwa kusema kwa mikono, kusoma, kuandika, na kutoa sauti kwa taabu kubwa. Katika siku zile za hospitali watu wote walikuwa wakimshughulikia yeye, kama ilivyopasa, na mimi nilikuwa nikilala na jiwe kifuani. Neno nimelisema pale pale palipokatazwa, na limebaki naye. Mpaka Bibi akanikuta nalia nyuma ya banda la kuku na kunitoa habari yote.

Hakunicheka. Alifikiri kwanza, nakumbuka alifikiri, kwa sababu masharti yale aliyaamini kwa dhati.

"Sikiliza," alisema. "Weye hukumfanya kiziwi. Alikuwa kiziwi miaka mitatu, tuko naye nyumba moja, watu wazima watatu, hatukumwona. Weye ndiye uliyemwona. Bi Mkubwa mwenyewe atakuwa anakushukuru."

Na nadhiri aliitimiza. Baba ndiye aliyemwendesha. Alisema yeye atakaa garini, ana gazeti la kusoma, na kweli alikaa, mpaka Bibi aliposhindwa kulifikia tawi la juu. Basi akashuka, akafunga kitambaa kipya kwa fundo la kiume. Kabla ya kurudi garini alichukua chupa ya maji na kuimimina shinani.

"Mti una kiu," alituambia, ingawa hatukumuuliza.

Sasa barabara ya Sur imepanuliwa, magari yanakwenda mbio kila upande, na nimepita mara nyingi nikitafuta mti ule bila ya kuwa na hakika hata na kilomita. Ami Hilali aliniambia kabla hajafa kwamba kaburi lilihamishwa kwa heshima. Mwingine aliniambia hakukuwa na kaburi, ni mawe tu ya kupimia njia. Wenzangu kazini, nikiwasimulia, huniuliza kama naamini mambo yale. Huwajibu kwamba sijui Bi Mkubwa alisikia nini. Ninachokijua ni kwamba katika nyumba yetu hapakuwa na mahali pa Bibi kuliweka lile swali lake, na pale njiani palikuwapo. Mwanamke asiyejulikana jina alimpokea na Kiswahili chake, akamwacha aseme mpaka mwisho. Baba yangu alikuwa sahihi katika dini yake, na Bibi alirudi na jibu. Nimezeeka kidogo na bado yote mawili nayabeba bila kuyapatanisha.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuja polepole, kwa miaka. Skuli ilimfundisha Mundhir Kiarabu. Bibi, nyumbani, alimkalisha mbele yake kila siku ya mapumziko na kumsemesha Kiswahili, uso kwa uso, taratibu, mpaka akajua kuusoma mdomo wake. Sisi wenye masikio mazima tulikuwa na haraka. Wadogo zetu waliofuata wanajua shikamoo na majina ya vyakula. Mimi mwenyewe nikiandika haya natafuta maneno. Mundhir ndiye aliyekaa na Bibi siku zake za mwisho, alipokuwa hana tena sauti na midomo inatikisika tu. Sote tuliinama kusikiliza, hatukupata kitu, na yeye akatuambia anataka nini. Anataka mto ugeuzwe. Anataka dirisha lifunguliwe.

Mwaka jana tulikwenda harusini Sur, mimi na yeye, mimi naendesha. Baada ya Bidiya nilipunguza mwendo, nikasimamisha gari pembeni na kumgeukia ili anione mdomo. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile, mti, honi, mbuzi. Alifikiri. Ana sauti nzito isiyopanda wala kushuka, na Kiswahili chake ni cha Unguja mjini, cha kizamani, hakuna mwingine wa rika lake anayekisema.

"Kaburi silikumbuki," alisema. "Namkumbuka Bibi wakati wa kurudi. Alinipakata, akanigeuzia uso, akasema, akasema, mpaka Ibra. Miye n'natazama mdomo tu. Sikujua anasema nini. Nilijua kuwa ananiambia mimi."